Tundu la Juu ya Mlango

Mume wangu alibandika magazeti ukutani kama fundi wa mbao: yamenyooka, pembe zimekutana, na nusu yake kichwa chini. Kila asubuhi alitoka kwetu kijiji cha Raila, Kibera, kwenda kutengeneza vitanda Gatina, na habari za dunia hazikumshughulisha. Mimi nilizisoma kuta zile nikiwa nimelala na mtoto wetu wa kwanza, shingo nusura ivunjike.

Ilikuwa Desemba, miaka ya tisini. Mtoto alikuwa bado mchanga kabisa macho yake yalipoanza kugeuka manjano. Rafiki yangu wa kanisani, nesi aliyeishi mtaa jirani wa Olympic, alikuja kutuona, akambonyeza pua kuona rangi ya ngozi, akakunja uso. "Huyu anataka jua ya asubuhi, kila siku," akasema. "Na hiyo manjano ikizidi, mkimbize hospitali, isipande kwa kichwa."

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kando ya ziwa kunisaidia. Akajibu kwa upole, lakini hakuacha nafasi ya mjadala: "Mtoto hatoki nje kama kitovu haijaanguka."

Nilimkumbusha kwamba kutoka kliniki nilikojifungulia hadi nyumbani sikupitia chini ya ardhi.

"Ulikuwa umemfunika," akasema.

Nilitaka kupasuka kwa hasira. Lakini yeye alikuwa amewahi kuzika mtoto aliyetolewa nje mapema. Ningegombanaje na hofu ya namna hiyo? Nikabaki kuogopa kwa upande wangu.

Kesho yake nikimnyonyesha, niliisoma hadi mwisho karatasi iliyokuwa karibu na mto wangu. Ilieleza kaburi la mawe huko Ailandi, nchi ya Ulaya, lililojengwa na wakulima wa kale kabla watu hawajajua chuma. Mwaka mzima ndani ni giza. Ila zikifika zile siku fupi kabisa za Desemba, jua linapochomoza huingia kwa tundu lililoachwa juu ya mlango, likatambaa mpaka chumba cha mwisho. Nikainua macho. Juu ya mlango wetu palikuwa na tundu pia, na mume wangu alikuwa ameliziba kwa kadibodi.

Alikuwa anavaa viatu. "Toa hiyo kadibodi," nikamwambia.

"Mama mtoto, baridi itaingia."

"Iingie!"

Akaitoa. Jua likapenya katikati ya mapaa mawili ya majirani, likaingia ndani, likatua juu ya ndoo ya maji. Wale wa Ailandi walipima kwanza ndipo wakajenga. Sisi tulisukuma kitanda.

Nikamvua mtoto nguo, nikamlaza kwenye mwanga. Mama mkwe alimtazama, akautazama mlango, akamtazama tena. Nilijua anatafuta kosa, nami nikajiandaa kwa vita.

"Hajatoka," akasema hatimaye. "Ni jua ndiyo imeingia."

Tangu hapo yeye ndiye aliyetangulia kuamka, akilisubiri jua kama mgeni aliyeahidi kuja, akitufokea tukichelewa kusogeza kitanda. Mwezi wa sita uliofuata nilikuja kuitoa tena ile kadibodi tuliyokuwa tumeirudisha, kwa majivuno tu, nikakuta jua limehamia nyuma ya paa la jirani na haliingii ndani hata kidogo. Mungu ni mwema. Mtoto yule angezaliwa mwezi huo, sijui ingekuwaje.

Nesi aliporudi Desemba ile ile, alivuta kope za mtoto, akacheka. Manjano ilikuwa inakwisha. Nililia, nikacheka, nikaomba chai, na mume wangu akanimiminia bila kuambiwa mara mbili. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Siku kitovu kilipoanguka, mama mkwe alimbeba mjukuu wake hadi kizingitini kumwonyesha dunia. Mimi nilisimama nyuma yao. Jua likampiga usoni. Badala ya kulia, akapiga chafya na kutulia.

"Nilitaka kuwajulisha, yeye na jua," mama mkwe akaniambia bila kugeuka. "Kumbe hawa walishajuana."