Mwaka Baba Alipoingia Kisimani

Huku Newala tuna mvua moja tu kwa mwaka, ya msimu, na ikiisha imeisha. Watu wa kaskazini wana vuli na masika. Wakikosa hii wanangoja ile. Sisi tunaingoja Novemba. Kwa hiyo utabiri wa msimu unaposomwa redioni, mtaa mzima hunyamaza. Ukishasomwa, kila mtu anaeleza alichosikia, na huwezi kupata wawili waliosikia jambo moja.

Kazi ya kuufafanua ilikuwa ya baba, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye simu ya kupangusa na sauti ya kufikia benchi la nyuma. Mwaka ule utabiri ulisema mvua zingeanza mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, na zingekuwa za wastani. Jirani yetu, mama mjane wa nyumba ya kushoto, akauliza huo wastani unaishi wapi, maana yeye tangu azaliwe ameona mvua nyingi na ameona mvua haba, lakini wastani hajapata kuuona. Baba alimjibu kwa muda mrefu sana. Jirani aliondoka akisema ameelewa, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kupika.

Shida yenyewe ilikuwa kisima. Hapa juu ya uwanda maji yako mbali mno ardhini, hivyo kila nyumba yenye uwezo ina kisima cha saruji uani, kinachojazwa na mvua inayotiririka kutoka kwenye bati. Kabla ya mvua mpya kisima lazima kioshwe, na huwezi kukiosha bila kumwaga maji yaliyobaki. Ukimwaga mapema, utakaa na kiu. Ukichelewa, mvua mpya itakorogana na tope la mwaka jana, nawe utakunywa tope mwaka mzima. Na maji yakikosekana kisimani hufuatwa bondeni, chini ya mteremko, ambako goti la mama lilikuwa limeshakataa kwenda. Daktari alimwambia asishuke tena. Mama alisema huyo daktari hapiki.

Mwanzoni mwa Novemba baba alitaka kujua kama maji yetu yangefika mwisho wa mwezi. Akalala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, akaingiza mkono wenye simu ili tochi yake imulike ndani. Mimi nilikuwa nimemshika miguu. Nilisikia chubwi.

"Imeanguka?" nikamuuliza.

"Imeshuka," alisema baba.

Tukaleta ngazi. Mama alimsihi asubiri tutafute wavu, naye hakusubiri. Alikunja suruali, akateremka, akatembea humo akipapasa kwa vidole vya miguu, na alipoipata simu maji yote yalikuwa yamegeuka uji wa ulezi. Mama akachungulia, akaona maji, akaona miguu ya baba, akasema hayo hanywi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukayachota yote, tukayamwaga kwenye migomba, na kisima tukakiosha siku hiyohiyo.

Jirani alipita akaona migomba inaogelea. Hakuuliza kitu. Aligeuka akaenda zake kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake.

Alasiri haijaisha, kila ua ulikuwa na ngazi. Wanaume wanazama visimani, wanawake wanapokea ndoo, na maji ambayo yangetosha mwezi mzima yanateremka barabarani yakisukuma maganda ya mihogo. Mtaa ulikuwa umeamua kwamba Mwalimu ana habari ambayo redio haijaipata.

Mama alimtaka baba akaseme ukweli upesi, kabla watu hawajamaliza. Baba akatoka na suruali yake ya tope, akatumia ile sauti ya benchi la nyuma. "Ndugu zangu, mimi simu imeniponyoka tu, ikaanguka kisimani. Sina habari yoyote ya mvua."

Wakamtazama kwa huruma.

"Mwalimu," jirani akamuuliza taratibu, "simu hiyo umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu nistaafu."

"Na ilishawahi kuanguka?"

"Haijawahi."

"Basi," alisema jirani, na watu wakarudi visimani.

Nilikasirika mpaka nikacheka. Siku iliyofuata mjomba, kaka yake mama anayekaa Masasi, akapiga simu ya mama kutuarifu kwamba kwao imenyesha. Mjomba huyu hajawahi kukubali kutanguliwa na Newala kwa lolote. Mtaa uliposikia, imani ikazidi. Tukaenda ukingoni mwa uwanda, na kweli mvua tukaiona kwa macho yetu, ng'ambo ya Ruvuma, ikiwanyeshea watu wa Msumbiji ambao hawakuwa wamemwaga chochote.

Kwetu ilikuja adhuhuri moja, nyepesi. Desturi ni kwamba mvua ya kwanza haiingizwi kisimani. Mfereji wa bati hugeuzwa pembeni ili bati lioge, litoe vumbi na mavi ya ndege. Tukasimama vibarazani, koo zimekauka, tukiiheshimu desturi. Bati lilipotakata, mvua ikakatika.

Bomba la mtaa lilikuwa likitoa upepo, na wauza maji wa pikipiki walizidiwa na wateja. Nikawa nashuka bondeni na wanawake wenzangu, lakini dumu langu moja halikutosha nyumba. Jioni moja mama akaanza kujifunga kitambaa gotini. "Kesho nashuka nawe," alisema. Nikamkatalia, akanikumbusha nani alimzaa mwenzake. Niliogopa kwelikweli. Mteremko ule una mawe yanayowashinda hata mbuzi. Baba alikuwa palepale na kikombe chake cha chai.

Asubuhi akatoka na madumu mawili na mti wa kuyabebea begani. Kwetu mwanaume mzima hashuki kuchota maji, na mwalimu mstaafu ndiyo kabisa.

"Mwambie mama yako akae," alisema, akanipita.

Mzee wa nyumba ya mbele alikuwa akipiga mswaki barazani. Alipomwona baba, mswaki ukasimama mdomoni. Akaingia ndani, akatoka na dumu. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, na baba alipofika ukingoni nyuma yake walikuwa wanaume wote wa mtaa, wengine wamebeba ndoo za wake zao zenye michoro ya maua. Akageuka.

"Jamani, mimi nafuata maji ya mke wangu tu."

"Tumekuelewa, Mwalimu," wakaitikia.

Wakashuka siku ile, na kesho yake, na keshokutwa, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuacha. Wanawake walihamia barazani kwetu, miguu wameinyoosha, wakiwatazama waume zao wakiupanda mteremko kwa kuhema. Mama alikaa katikati yao, goti lake juu ya kigoda, akinywa chai ya maji aliyochotewa.

Jirani alitazama kusini. "Mawingu yanakusanyika, mama. Safari hii ni yenyewe."

Mama naye aliyatazama, akaliweka goti vizuri juu ya kigoda. "Mungu anisamehe," alisema, "ila isiwe na haraka."