Nondo na Figo

Wenzake kazini walimwita Komando, ingawa mwili wa ukomando hakuwa nao. Alikuwa mfupi, mwembamba, sare ya unesi ikimpwaya mabegani. Jina alilipata siku aliyomtoa wodini mlevi mwenye chupa iliyovunjika, akamshika sikio kama mama anayemfukuza mtoto jikoni. Mumewe akitaniwa hujibu kwamba nyumbani kwao kuna komando mmoja na mpishi mmoja, na mpishi ni yeye.

Jumamosi ile alikuwa njiani kuingia zamu ya mchana. Kwenye maduka ya vyuma akakuta watu wameziba barabara. Akasikia mlio asioupenda, wa chuma kikitua juu ya nyama. Si mlio mkali. Ni mzito, kama mtu anayekung'uta godoro.

"Kuna nini?" akamuuliza mwanamke aliyesimama pembeni.

"Mwizi. Kakutwa na televisheni ya watu."

Komando akapenya kwa viwiko. Katikati alikuwepo mwanamume aliyejikunja kwenye lami, mikono juu ya kichwa, shati limegeuka matambara. Walikuwa wakimpiga mapaja, mgongo, makalio, kwa zamu, bila haraka, kama watu wanaopasua kuni. Televisheni ilikuwa imelala kando, kioo kimepasuka. Na kijana aliyeinua nondo juu kuliko wote alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, mchomelea vyuma.

Macho yao yakakutana. Mkono ulikuwa umeshaanza kushuka, na ukashuka. Yule mtu akatoa sauti kama ya mbuzi.

Komando akajitupa juu yake. Fimbo iliyokuja nyuma ya nondo ikamwangukia yeye begani.

"Mkitaka kuendelea, anzeni na mimi," akasema.

Wengi wape, husema watu, lakini siku hiyo hakuwapa. Waliokuwa mbele wakaiona sare, wakasita. Mwenye mkokoteni mmoja akasogeza mkokoteni wake bila kuambiwa, wakampakia majeruhi. Komando alipogeuka kumtafuta mdogo wake, hakumwona.

Hospitalini daktari wa zamu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimkagua kuanzia utosini. Kichwa kilikuwa kizima na mifupa haikuvunjika. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akiongea.

"Mimi ni fundi," alirudia. "Ile televisheni ni ya mteja. Naomba maji."

Mtu mwingine angesema huyu kapona. Daktari akabonyeza mapaja yake, yakawa magumu kama mbao. Akawaita wote karibu na kitanda.

"Sikilizeni. Mifupa sina wasiwasi nayo, nyama ndiyo inanitisha. Misuli ikipondwa hivi, uchafu wake unaingia kwenye damu, unakwenda kuziba figo. Dripu mbili, ziende kasi. Mpira wa mkojo sasa hivi. Na ile sindano ya maumivu tuliyoizoea asipewe, inazikaba figo. Mtu wa famasi, tafuta nyingine."

"Ninayo," akajibu mtu wa famasi, tayari yuko mlangoni.

Komando akaweka mpira. Mkojo uliotoka ulikuwa kidogo, mweusi kama kahawa ya jana. Daktari akaagiza upimwe kila saa.

Asubuhi Komando aliporudi, begani kumevimba hata kuvaa ilikuwa shida, alikuta mfuko wa mkojo umebaki vilevile. Maji yote yale yameingia, na karibu hakuna kilichotoka. Uso wa fundi ulikuwa umevimba, pumzi zake zikitoka kama za mtu anayepanda mlima. Daktari akasikiliza mapafu, akazifunga dripu.

"Figo zimegoma. Tukiendelea kumjaza tutamzamisha. Hospitali ya rufaa ijulishwe waandae mashine ya kusafisha damu."

Hapo mtu wa maabara akaingia mwenyewe, mbio. "Daktari, potasiamu yake imepanda vibaya. Nimerudia kipimo nikadhani mashine imekosea. Haijakosea."

Wakamfunga nyaya za kipimo cha moyo. Mistari kwenye karatasi ilikuwa imechongoka kama meno ya msumeno. Daktari akaagiza kalisiamu ya kuulinda moyo, kisha insulini na glukosi ya kuisukuma potasiamu itoke kwenye damu. Kalisiamu ilikuwa ndiyo inaingia wakati fundi alipogeuza macho, akalegea.

Komando akapanda kitandani kwa magoti, akaanza kukandamiza kifua. Akahisi ubavu ukivunjika chini ya viganja vyake, kisha mwingine. Mbavu ambazo umati mzima haukuzivunja, alizivunja yeye. Bega lilimwuma hadi machozi yakatoka, asiache. Alipochoka, mtu wa famasi akapokea, akakandamiza akihesabu kwa sauti, jasho likimdondokea mgonjwa.

"Ngoja," daktari akasema, vidole viko shingoni. "Moyo umerudi. Malizieni dawa."

Gari la wagonjwa lilipoondoka, daktari alikuwa ndani yake. Komando alinawa mikono, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake.

Mdogo wake alikuwa sebuleni, kiganja cha kulia kimechubuka, mama yao akikikanda kwa maji ya moto.

"Kafa?" akauliza kijana.

"Alikufa. Tukamrudisha. Sijui kama atabaki."

"Dada, mimi mtungi wangu wa gesi uliibiwa. Hakuna aliyenionea huruma."

"Na yule ndiye aliyeuchukua?"

Kijana akauchomoa mkono kwa mama. Komando akamzaba kofi, kisha la pili. Mdogo wake akasimama, akapindua meza, beseni la maji ya moto likaruka ukutani. Akamkaba dada yake koo, akamgandamiza mlangoni. Mama ndiye aliyewaachanisha, kwa mwiko, akiwapiga wote wawili bila kuchagua, kama walivyokuwa wadogo.

"Nakwenda polisi," Komando akasema alipopata pumzi.

"Damu nzito kuliko maji, mwanangu," mama akasema.

"Damu ya yule imekuwa sumu, mama. Kwa mkono wa huyu."

"Ukitoka na neno hilo, usirudi hapa."

Akatoka nalo. Mdogo wake alikamatwa jioni hiyohiyo pamoja na wengine, na mama alifunga mlango kama alivyoahidi. Simu za Komando hazikupokelewa. Mwenye televisheni, bibi mmoja mjane, alikwenda kituoni akilia, akaeleza kwamba alimkabidhi fundi mwenyewe, kwa mkono wake.

Fundi alikaa kwenye mashine wiki baada ya wiki. Kisha siku moja daktari akapigiwa simu kutoka hospitali ya rufaa, akasikiliza, akaja wodini akicheka peke yake.

"Kakojoa," akatangaza. "Mkojo mweupe, mwingi tu."

Wagonjwa walishangaa kuona manesi wakikumbatiana kwa habari ya mkojo.

Fundi alirudi hospitalini kwao kwa kipimo cha damu, amekonda, akichechemea. Komando ndiye aliyemkalisha kitini na kumfunga mpira mkononi.

"Nimeambiwa yule wa nondo ni ndugu yako," fundi akasema.

"Tumenyonya ziwa moja."

Fundi akaunyoosha mkono. "Nikilala namwona. Sijamsamehe."

"Sijakuomba umsamehe," Komando akasema, akipapasa kutafuta mshipa. "Mimi mwenyewe bado. Kunja ngumi."