Direkta kwenye Benchi la Watoto

Baba mdogo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenitayarisha kuomba kazi ya ualimu Kasongo. Kila shule aliipa masharti yake.

"Kwa shule ya mapadri, uvae kitenge, na useme unaendaka misa. Kwa Waislamu, ujifunike kichwa, usicheke-cheke. Kwa ile ya privé, Kifaransa tu. Kwa ya serkali, itika kila kitu."

"Na somo, baba? Nitafundisha namna gani?"

"Ile haina mambo."

Haina mambo! Nilikuwa nimesomea ualimu, nikafundisha bure kule Wamaza mpaka shule ikafungwa. Safari hii nikikosa kazi, shangazi alikuwa ananingoja Salamabila nimsaidie kuwapikia wachimba dhahabu. Kupika si aibu, lakini mimi ni mwalimu, na nilichoka kuambiwa nijifunze kila kitu isipokuwa kufundisha.

Nilikwenda hivyo hivyo. Kwa mapadri waliniuliza kwa nini sijafunga ndoa kanisani, wakarudia swali hilo mpaka nikatamani kuwauliza kama ndoa ndiyo inayoandika ubaoni. Waislamu walinipokea vizuri, wakanipa maji, wakasema nafasi imekwisha kupata mtu. Mwenye shule ya privé, yaani ya binafsi, alinisikiliza nikijieleza kwa Kifaransa, akatikisa kichwa kama mtaalamu, halafu akanijibu kwa Kiswahili, maana yeye mwenyewe Kifaransa hakukijua. Nafasi akampa mwingine.

Ikabaki shule ya serikali, na huko, afadhali, walitaka somo la majaribio. Usiku sikulala vizuri kwa furaha. Nilitayarisha hesabu ya kutoa kwa darasa la kwanza, nikabeba karanga za kuhesabia.

Ilikuwa likizo, wanafunzi hawakuwapo. Kwa desturi yetu, wakubwa wa kamati ya kuajiri hukaa kwenye mabenchi na kujifanya watoto. Basi direkta, mkuu wa shule, na wenzake wawili wakajibana pale, magoti yamewafika kidevuni. Nikawagawia karanga, nikaanza. Wale wawili walihesabu vizuri. Direkta akala zake.

"Mutoto, karanga ziko wapi?" nikamuuliza, kama ambavyo ningemuuliza mtoto yeyote.

Akabana sauti, akaigiza kitoto: "Madamu, uko na bwana?"

Wenzake wakacheka. Nilijua natakiwa kucheka nao. Baba mdogo angecheka. Lakini damu ilinipanda, na midomo yangu ikafanya kazi iliyoizoea.

"Simama. Toka inje."

Alidhani natania. Nikamwonyesha mlango, nikangoja. Kicheko kikafa. Akainuka, suruali imenasa kwenye msumari wa benchi, akaivuta, akatoka. Nilijua kazi imetoka naye. Hata hivyo niliendelea na somo mpaka mwisho, nikawapa wale wawili zoezi, nikalisahihisha, nikafuta ubao. Sikumwita arudi. Nilipotoka alikuwa bado amesimama penye mlango, nami nikampita bila kuomba radhi.

Jibu lilikuja kupitia kwa baba mdogo. Alirudi kutoka shuleni uso umemshuka, akakaa.

"Wamekukatala. Wanasema hauna uvumilivu na batoto."

Nilikuwa nafunga nguo za safari ya Salamabila. Nikaziachia.

"Batoto gani, baba? Mule darasani hamukukuwa mutoto hata moya."