Maneno Mawili Katika Barua ya Mwenye Nyumba

Mwaka 2017 niliishi ugenini, mtaa wa Turffontein, katika uwanja wa vyumba vinane vya kupanga, pamoja na Wakongo na Watanzania wenzangu. Kila barua ya Kiingereza kutoka kwa mwenye nyumba ilisomwa hadharani Jumapili alasiri, kwa Kiswahili. Msomaji nilikuwa mimi, kwa kuwa niliwahi kufundisha Kiingereza Tanga. Adabu ya kazi hiyo ilikuwa kulainisha: amri niliisoma kama ombi, tusi nikalisoma kama ushauri. Wapangaji wakawa wanamjibu mwenye nyumba kwa shukrani, nami nikizitafsiri.

Kisha bomba la maji machafu likapasuka nyuma ya chumba cha mwisho, cha mama mshonaji kutoka Lubumbashi. Wiki tatu kinyesi kilitiririka mlangoni pake. Barua ikaja. Uwanja, ilisema, umekuwa “noisome” kwa sababu ya mama huyo, hivyo ahame mwisho wa mwezi. Na mwenyekiti wetu wa wapangaji anashukuriwa kwa ripoti yake “fulsome”.

Nilifungua kamusi. Neno la kwanza, ingawa linafanana na “noise”, halihusiani kabisa na kelele. Lilianza na maana ya chenye kudhuru, likateremka hadi chenye kunuka. La pili lilianza na wingi, likawa shibe inayokinaisha, kisha sifa za kutia kichefuchefu; siku hizi wengi hulitumia kwa maana ya ukamilifu, kana kwamba halijawahi kuchafuka. La kwanza linakiri uvundo wake. La pili hujipaka manukato, na ndilo lililonichukiza zaidi, kwa maana lilifanana na kazi yangu.

“Mwalimu, hapo kwa uwanja sema tu usafi,” mwenyekiti aliniambia kabla ya kikao. “Na yangu sema ripoti kamili. Mama tutamwambia polepole.”

“Uliandika nini juu yake?”

“Eish, mwalimu! Niliandika anachotaka kusikia mwenye nyumba.”

Nilisoma yote. Nilipofika kwenye ripoti nilitaja maana zote, watu wachague wenyewe.

“Basi ni ya kutapisha, papa mwenyekiti!” mmoja alipaza sauti, na uwanja mzima ukacheka.

Mama hakucheka. “Mwalimu, zile barua za zamani, nazo ulitusomea hivi?”

“Hapana, mama. Nilizipunguza ukali.”

“Basi ni weye ulianza kunifukuza.”

Aliniamuru niandike jibu papo hapo, neno kwa neno, kuhusu bomba na kinyesi. Baada ya siku chache mwenye nyumba alijibu kwa kuturudishia nakala za shukrani zetu zote, kila moja kwa mwandiko wangu, kama ushahidi kwamba hapakuwahi kuwa na malalamiko.

Mwisho wa mwezi mama alihamia mtaa jirani wa Rosettenville. Nilijitolea kumbebea cherehani yake. Akaniambia niiweke chini.