Nyama ya Tanuri Siku ya Wakwe

Harufu ya jani la mgomba linaloungua hunikera kwanza, kisha ndipo hunikumbusha. Juzi, hapa Kitale, jirani yangu alikuwa akichoma takataka za shamba, moshi ukapita juu ya ua wangu, nikajikuta nimesimama mlangoni nimeshika kiuno kama mama yangu alivyoshika chake siku ile walipokuja wakwe. Mjukuu wangu akaniuliza nimeudhiwa na nani. Nikamwambia: na baba yangu, na tanuri lake.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi nje ya Kitale. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mama na sisi watoto tulikaa nyumbani, karibu na Bungoma, na baba alikuja kwa likizo. Yule mzungu alikuwa amefuga farasi huko Meksiko alipokuwa kijana, na alichokumbuka kuliko vyote ni nyama ya mbuzi waliyopika watu wa huko: iliyopakwa pilipili, kitunguu saumu na maji ya ndimu, ikafungwa kwa majani na kutiwa ndani ya tanuri la matofali lililokwisha kushika moto barabara. Mlango ulizibwa kwa udongo, watu wakaenda zao. Hakuna kufunua, hakuna kuonja. Ilipotoka, ungeweza kuila kwa kijiko. Baba alifundishwa kuipika, akaipika kwa miaka, na likizo moja akarudi nyumbani akitaka na sisi tuijue.

Matofali yalikuwepo tayari, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu yalikuwa ya mama. Alikuwa akiyangojea ili jiko lake lipate ukuta usiopitisha upepo. Baba aliyachukua akajenga tanuri nyuma ya nyumba, la mviringo, lenye mdomo mdogo. Mama alilizunguka likiwa bado bichi.

"Nimeomba jiko," alisema, "umenijengea kaburi la mbuzi."

Mara ya kwanza baba alifunga nyama kwa majani ya mkonge, kwani ati huko Meksiko hutumia mmea unaofanana nao. Tulikula, na midomo ikatuwasha hadi kesho yake. Dada yangu mkubwa, Nasimiyu, alikwenda kanisani amejifunika leso mpaka puani. Baada ya hapo baba alihamia majani ya mgomba, lakini mama hakusahau mkonge.

Nasimiyu ndiye aliyekuwa akiposwa. Mwaka uliotangulia watu wa kijana mwingine walikuja, wakala, wakaaga vizuri, wasirudi tena, na majirani wakaanza kuuliza maswali kwa sauti ya chini. Safari hii alikuja kijana wa kazi ya reli pale Bungoma, na dada yangu alimpenda kweli. Aliitambua kengele ya baiskeli yake kabla sisi wengine hatujasikia chochote. Wazee wa kijana huyo walikuwa watoke upande wa Kimilili kuja kuzungumza habari za ng'ombe, na baba akatangaza kwamba mbuzi wao atapikwa kwenye tanuri.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu mgeni alijua anavyoheshimiwa kwa kipande alichowekewa. Kidari kilikuwa cha mzee aliyeongoza msafara, nacho kililetwa kizima, kikiwa kwenye mfupa wake. Paja lilikuwa la wajomba. Kumpa mkwe nyama isiyojulikana ilitoka wapi kwenye mbuzi ilikuwa kama kumwambia kwamba na yeye hatujui alikotoka.

"Baba Nasimiyu," mama alisema, "hiyo nyama yako inaachana na mfupa. Mzee wa watu atajuaje kidari ni kipi?"

"Atajua kwa ulimi."

"Ulimi! Wewe umeona wapi watu wakitoa ng'ombe kwa ulimi?"

Walibishana tangu juzi yake mpaka mbuzi akachinjwa alfajiri. Nyama iliwekwa ndani ya karai, baba akaenda kuchochea tanuri. Hapo mama akatokea. Alichukua kidari, akachukua paja moja, akavifunika kwa leso, akaelekea kwa mama mdogo, ambaye jiko lake lilikuwa nyuma ya migomba. Aliponipita alisema, "Wewe hujaona kitu." Nilikuwa nimeona kila kitu. Kuona ndiyo kazi niliyoiweza kuliko kuteka maji.

Baba aliporudi alianza kupaka nyama viungo na kuipanga juu ya majani, kipande kwa kipande. Katikati ya kazi mikono yake ilisimama. Alitazama ndani ya karai, akatazama ile nyama, akanawa mikono taratibu ingawa hakuwa amemaliza. Kisha akaniagiza viazi vitamu, akavishindilia pembeni, akafunga furushi. Mwisho akachota chumvi, akaifunga kwenye kipande cha jani.

"Mpelekee mama yako."

Nilimkuta mama akipuliza moto wa mama mdogo. "Chumvi ya nini?" alifoka. "Mimi leo napika nini?" Lakini aliipokea, akaitia kwenye sufuria.

Wageni walifika jua likiwa utosini. Aliwaongoza Mzee Makokha, baba mkubwa wa kijana, mrefu, ndani ya koti zito ambalo hakulivua licha ya joto. Walipewa chai. Wakauliza habari za mvua, habari za mahindi, habari za mifugo, wakamaliza habari zote. Moshi ulikuwa umekwisha zamani, na tanuri lilikaa pale limezibwa mdomo kama mtu aliyenuna.

"Tulinusa moto tukiwa njiani," Mzee Makokha alisema, "lakini sufuria sioni."

"Labda mbuzi bado yuko sokoni," mjomba wa kijana akajibu.

"Ama tunangoja azaliwe?" akamalizia shangazi yao, na wakacheka, kicheko ambacho sikukipenda.

Nasimiyu alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, machozi karibu. "Nenda umwambie Baba afungue! Hawa nao wataenda!" Nilikwenda. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri kama askari wa zamu. "Nikifungua sasa joto litatoka, watakula mawe," alisema. Nilirudi na jibu. Nikatumwa tena. Jibu lilikuwa lilelile. Miguu iliniuma, na nilitamani kulipiga tanuri lile teke. Wingu lilianza kukusanyika juu ya mlima. Mzee Makokha alilitazama, akawatazama wenzake, akanyoosha mkono kuchukua fimbo yake.

Ndipo mama alipotokea kwenye migomba amebeba sinia.

Kidari kilikuwa juu, kizima kwenye mfupa wake, kinatoa mvuke. Paja lilikuwa kando, na ugali wa wimbi. Alipiga magoti, akaweka sinia mbele ya mzee.

"Hiki ni cha kufungulia mdomo," alisema. "Mwenye nyumba alitaka muanze nacho. Nyama yake yenyewe bado iko njiani."

Mzee Makokha aliacha fimbo. Alikigeuza kidari upande huu na upande huu, kama anayesoma. Kisha akavua koti.

Ng'ombe walizungumzwa, wakakubaliwa. Baada ya hapo tu baba alivunja udongo, na harufu ikatoka ambayo iliwanyamazisha hata waliokuwa wameshiba. Nyama ilikuwa imelegea kabisa, haina umbo. "Hii ni nyama ama ni uji?" Mzee Makokha aliuliza, akinyoosha mkono kuchota tena. Wakala wote mpaka vile viazi. Wageni walipoondoka mama alianza upya habari za matofali yake, na baba hakuuliza hata mara moja kidari kile kilitoka wapi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alimshinda baba kwa ujanja. Mpaka mimi mwenyewe nilipoolewa, nikachinjiwa mbuzi nimpike, ndipo nikajua hakuna mpishi anayeweza kupanga mbuzi mzima bila kuona kwamba kidari hakipo. Siku ile nzima, kila mara baba alipokataa kufungua, alijua kuna sufuria nyuma ya migomba. Na mama, akibeba sinia lile, alijua kwamba baba anajua.

Mama alipozeeka nilimuuliza. Alikereka palepale, kana kwamba tanuri bado liko nje.

"Kwani ile chumvi aliituma nani?" alisema. "Na haikutosha."