Mkono Ndani ya Ngamia

Asubuhi hiyo nilitoka mtaani kwetu Bulla Pesa bila mpango, kama kawaida yangu tangu nilipoacha shule darasa la sita. Nikadandia lori lililokuwa likielekea Merti, na hatujafika mbali redio ya dereva ikanichafulia safari. Kijana mmoja alikuwa akitangaza kwamba vikaragosi vya televisheni vimeanza hapa nchini juzi tu, tena vimeletwa na wageni.

Rafiki yangu, huo ni uongo mtupu.

Mwanzo wa miaka ya themanini mtaa wetu ulikuwa na televisheni moja, dukani kwa muuza sukari, ikitumia betri ya lori. Tulikaa juu ya magunia, harufu ya majani chai na mafuta ya taa puani, tukingoja vikaragosi. Mkono uliokuwa ndani yake tuliujua: ulikuwa wa jirani yetu, mama mshonaji aliyepata kazi studio Nairobi. Ukoo wake ulitokana na askari wa zamani, watu wa maduka; ngamia waliwaona wakipita barabarani tu.

Ndiyo maana kikaragosi chake cha kwanza cha ngamia kilitafuna juu chini, juu chini. Wafugaji walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyo ni mbwa amebebeshwa nundu," mmoja akasema.

Jirani alipokuja nyumbani kwa Idd, bibi yangu alimweleza jinsi ngamia wake alivyochekwa, bila kumficha. Kesho yake jirani akaenda soko la mifugo, akachuchumaa mbele ya ngamia mmoja tangu asubuhi, mkono wake ndani ya leso ukisogea kulia, kushoto. Wachuuzi walimwita kichaa. Nilimpelekea chai, akainywa bila kubandua macho.

Kipindi kilipoonyeshwa tena, ngamia wake alizungusha taya kando, mdomo ukining'inia, akatulia kidogo kabla ya kumeza. Mfugaji wa Sericho akasema polepole, "Huyu sasa nitamnywesha maji."

Mwisho wa kipindi yaliandikwa majina ya mtangazaji, mkubwa wa studio, hata mpiga picha. Lake hapana, eti yeye ni wa kushona nguo. Baadaye kanda zikafutwa ili zirekodiwe hotuba, na ngamia akatupwa pamoja na takataka. "Walinirudishia gunia lake, tupu," alituambia, akitia uzi kwenye sindano. Leo nazunguka nchi hii naona vijana wakitafunisha vikaragosi vyao vivyo hivyo, kando kando, nao wanapigiwa makofi kama wavumbuzi.

Merti nilipata chumba kwenye gesti, kitanda cha kamba na dirisha moja. Mwenye gesti aliponiletea maji ya kuoga, nikammwagia hasira zangu zote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na aliitwa nani huyo mama, ndugu yangu?"

"Tulimwita Mama Fundi."

"Hilo ni la kazi. Jina lake?"

Nikakaa kitandani. Miaka yote ile, hata mimi sikuwahi kumuuliza.