Damu Kiasi

Kazini walimwita Kimya, naye hakuwa na ugomvi na jina hilo. Kazi yake ilikuwa kutazama video ambazo mtu hapaswi kuziona, kisha kuzipa lebo ili mashine ijifunze kuzitambua yenyewe: damu hakuna, damu kiasi, damu nyingi. Mwanzoni alikuwa akitapika. Siku hizi alikuwa akizima sauti na kula chakula cha mchana papo hapo mezani.

Wenzake walikuwa wameanza kukutana kwenye ngazi za nyuma, wakijifanya wanapunga upepo. Walitaka kampuni ilete mshauri wa kuwatibu na ipunguze saa za kutazama. La sivyo, Jumatatu hakuna atakayewasha kompyuta. Aliyewaongoza walimwita Mwenyekiti, ingawa hata kiti hakuwa nacho.

"Dada Kimya, uko nasi?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Mimi niko sawa. Sioni cha kulalamikia."

"Huyo? Mchinjie kuku mapajani, atauliza tu kama ni jogoo au tetea," mmoja akadakia. Wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Jumamosi binti yake aliteleza bafuni, kipaji cha uso kikapasuka kwenye ukingo wa sinki. Kimya alifika mlangoni, akasimama. Akamtazama mtoto, akatazama sakafu.

"Damu kiasi," akasema.

Wifi yake, aliyekuwa akiishi nao, alimpita kwa kishindo, akamgandamizia mtoto taulo usoni. "Wifi! Umesemaje? Mwanao huyu, si sinema!"

"Mama, inauma!" Mtoto alimnyooshea mikono.

Kimya alingoja kile kinachomsukuma mama kukimbia. Hakikuja. Akaenda kwa sababu alijua ndivyo inavyopaswa, akamkumbatia, akahisi uzito wake, basi.

Mtoto alishonwa zahanati. Njiani kurudi, wifi ndiye aliyembeba.

Jumatatu asubuhi Kimya alikwenda kwenye ngazi za nyuma.

"Leo umepotea njia?" Mwenyekiti akamtania.

"Nimekuja kukaa nanyi."

"Kulikoni, dada?"

Akawasimulia ya bafuni, kwa sauti ileile ya kuagizia chai. Yule mtani wa kuku aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akajivuta pembeni, akampisha akae.

Msimamizi akafungua mlango. "Haya, haya! Kila mtu kwenye kompyuta yake! Atakayebaki hapa asihesabu ana kazi."

Hakuna aliyenyanyuka. Kimya alisubiri woga umshike. Woga nao haukuja, akabaki ameketi, bega lake limegusana na la Mwenyekiti, ambalo lilikuwa linatetemeka.